Kijana Hupimwa, Mpimaji Je?

Kila mwaka ufikapo mwisho wa Aprili, mamilioni ya Wamarekani huketi mbele ya runinga jioni ya Alhamisi kutazama kioja: mchezo usio na mpira, usio na kipenga wala bao. Wanachokitazama ni majina yakisomwa. Mtu hupanda jukwaani na kijikaratasi mkononi, akalitamka jina la kijana wa miaka ishirini na kitu aliyetoka chuo kikuu fulani, naye kijana huyo huinuka machozi yakimlengalenga, akamkumbatia mamaye, kisha akavishwa kofia ya timu ambayo yeye hakuichagua. Huo ndio uteuzi wa wachezaji wa kandanda ya Kimarekani, ile inayochezwa kwa mikono zaidi ya miguu.

Najua wapo wasomaji watakaosema kwamba mambo hayo hayatuhusu ndewe wala sikio sisi tunaoshinda na chaki. Nawaomba subira. Kazi yetu walimu, tutake tusitake, ni kuwapima vijana na kubashiri watakuwa nini kesho. Sijui mahali pengine duniani ambapo kazi hiyo hufanywa kwa fedha nyingi, kwa vyombo vingi na mbele ya macho mengi kama hapo. Wala sijui mahali ambapo makosa yake huanikwa juani namna hiyo.

Utaratibu wenyewe ni mwepesi kueleweka. Timu za ligi kuu ya huko, NFL, ni 32. Ile iliyofanya vibaya zaidi msimu uliotangulia huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, na zamu huzunguka mara saba. Nia ilikuwa njema tangu mpango huu ulipoanza mwaka 1936: wanyonge wapate nafasi ya kujiinua. (Kijana wa kwanza kabisa kuteuliwa, Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, hakucheza katika ligi hiyo hata mechi moja. Mwenye kuamini ndege mbaya angesema dalili ilionekana mapema.) Timu yaweza pia kuiuza zamu yake kwa timu nyingine, na hapo ndipo biashara kubwa hufanyika, kama tutakavyoona.

Katika wachezaji 11 wa upande mmoja, yuko mmoja ambaye thamani yake haina mfano. Huyo ni kwotabeki. Yeye hupokea mpira kutoka kwa mwenzake aliyeinama mbele yake, na kuanzia hapo ana muda wa kama sekunde tatu. Mbele yake wanakuja majitu ya kilo 120 na zaidi yenye nia moja tu ya kumwangusha. Wenzake watano hivi wanakimbilia pande mbalimbali za uwanja, na kila mmoja aweza kurushiwa mpira, lakini pengine ni mmoja tu ambaye hajafunikwa na mlinzi. Kwotabeki hana budi amwone huyo, aamue, na aurushe mpira pale ambapo mwenzake atakuwa, wala si pale alipo. Kabla ya hayo amekwisha kuwatangazia wenzake mpango mzima kwa maneno ya mafumbo, akausoma mpangilio wa walinzi, na pengine akaubadili mpango wake dakika ya mwisho. Timu yenye kwotabeki hodari huweza kuvumilia udhaifu mwingine mwingi. Isiyekuwa naye, hata ikiwa na mashujaa kumi, huhangaika miaka nenda miaka rudi.

Kwa hiyo kila mwaka timu zenye njaa huwatazama makwotabeki wa vyuo vikuu kama mwenye kiu atazamavyo kisima. Swali linalowanyima usingizi ni moja: yupi kati ya vijana hawa ataweza?

Lingekuwa jepesi kama kandanda ya chuoni ingekuwa ndiyo hiyo hiyo ya ligi kuu. Haiko hivyo. Vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, na tofauti ya nguvu baina yao ni kubwa kupita kiasi. Kijana wa chuo tajiri huweza kucheza mechi nyingi akiwa amezungukwa na wenzake walio bora kuliko wapinzani wote. Walinzi wake humpa muda wa kunywa chai, na wadakaji wake huwa wamewaacha wapinzani hatua nne au tano nyuma. Akifika ligi kuu, kila aliye mbele yake alikuwa nyota wa chuo chake, na mdakaji aliye huru ni yule aliyemtangulia mlinzi kwa urefu wa mkono mmoja tu. Mwalimu yeyote aliyepata kuona mwanafunzi akiongoza katika shule ndogo ya kijijini, kisha akapotea katika umati wa shule ya kitaifa, na mwingine akafanya kinyume cha hayo, atanielewa bila maelezo zaidi.

Basi wapimaji hufanyaje? Huko Indianapolis, tangu mwaka 1987, vijana wapatao 300 hukusanywa kila mwaka kabla ya uteuzi, wakapimwa kama ng'ombe mnadani. Hupimwa kimo, uzito, urefu wa mkono, hata upana wa kiganja. Hukimbizwa yadi 40 huku saa ikihesabu sehemu za mia za sekunde. Makwotabeki hurusha mipira kwa wadakaji pasipo mlinzi yeyote uwanjani, wakiwa wamevaa kaptula na fulana. Madaktari huwakagua. Wakuu wa timu huwahoji usiku katika vyumba vidogo. Kwa miaka mingi walifanyishwa pia mtihani uitwao Wonderlic, maswali 50 kwa dakika 12, hadi ligi ilipouacha mwaka 2022.

Sisemi vipimo hivi ni upuuzi mtupu. Kijana asiye na nguvu za kuurusha mpira umbali unaotakiwa hatafika popote. Ninalosema ni kwamba hupima kinachopimika kwa urahisi, kisha wapimaji wakaingiwa na imani kwamba hicho ndicho chenye uzito. Mwaka 2020 kiganja cha Joe Burrow kilipopimwa na kuonekana kina inchi 9, baadhi ya watu walinong'ona kwamba ni kidogo mno. Yeye alifanya mzaha kwamba itambidi astaafu. Ametoka tu kuiongoza Louisiana State kuwa bingwa wa taifa bila kushindwa hata mechi moja, na watu wanapima kiganja! Kwa bahati, timu ya Cincinnati ilikuwa na macho, ikamteua wa kwanza.

Mfano wa Tom Brady umesimuliwa mpaka umechakaa, nami nitaupitia mbio. Mwaka 2000 alikimbia yadi 40 kwa sekunde 5.28, mwendo ambao ungemwaibisha hata mlinzi mnene. Makwotabeki sita waliteuliwa kabla yake. Yeye akachukuliwa na New England katika nafasi ya 199, akaja kutwaa ubingwa mara saba. Wengi husimulia kisa hiki kana kwamba kinathibitisha kuwa wateuzi wote ni vipofu. Mimi naona kinathibitisha jambo dogo zaidi. Hata New England yenyewe haikujua. Ingalijua, isingalimwacha mpaka raundi ya sita. Na kama Drew Bledsoe, aliyekuwa ameshika nafasi hiyo, asingaliumia Septemba 2001, hatujui Brady angalingoja mpaka lini.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha mwaka 1998, kwa sababu huko hapakuwa na kijana aliyefichika. Wawili walikuwa mbele ya wote, na nchi nzima ilibishana ni yupi bora. Wa kwanza alikuwa Peyton Manning wa Tennessee, mtoto wa kwotabeki wa zamani Archie Manning. Alimaliza shahada yake kwa miaka mitatu, na badala ya kukimbilia fedha akarudi kucheza mwaka wa nne. Wa pili alikuwa Ryan Leaf wa Washington State, aliyekiongoza chuo chake hadi Rose Bowl, mechi ambayo hakikuwa kimeicheza kwa miaka 67. Leaf alikuwa na mwili mkubwa zaidi, na wengi walimsifu kwa mkono wenye nguvu kuliko wa mwenzake. Kwa kipimo cha futikamba na macho, alikuwa pandikizi la kijana.

Indianapolis, chini ya meneja wake Bill Polian, ilimchagua Manning. San Diego, iliyokuwa na zamu ya tatu, iliona bora ilipe gharama kubwa, zamu kadhaa za uteuzi pamoja na wachezaji wawili, ili ipande nafasi moja tu na kumpata Leaf. Ikampa marupurupu ya kutia sahihi ya dola milioni 11.25. Yaliyofuata yanajulikana. Leaf alicheza mechi 25 maishani mwake katika ligi hiyo, akarusha pasi 14 za mabao na pasi 36 zilizonaswa na wapinzani. Manning alitwaa ubingwa mara mbili na tuzo ya mchezaji bora wa ligi mara tano. Uzuri wa mkakasi, watu walisema, ndani kipande cha mti.

Lakini ngoja kidogo. Tazama mwaka ule wa kwanza. Manning alirusha pasi 28 zilizonaswa, idadi ambayo hakuna mwanafunzi mpya aliyeifikia kabla wala baada yake, na timu yake ikashindwa mechi 13 kati ya 16. Aliyemtazama Desemba 1998 bila kujua jina lake angeapa kwamba huyu naye ni hasara. Tofauti ni kwamba Indianapolis haikumwondoa. Alicheza mechi zote 16, akakosea, akasahihishwa, akakosea tena, naye Polian akiwa nyuma yake. Huko San Diego kocha alifutwa kazi baada ya mechi sita tu, na Leaf akaketishwa benchi kabla ya msimu kwisha.

Simtetei Leaf. Alikuwa na hasira, aliwafokea waandishi wa habari, na yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba alikuwa kijana asiyefunzika. Manning alikuwa mtu wa kukesha akitazama filamu za mechi, Leaf hakuwa. Hilo laweza kugunduliwa kabla, na wapimaji wazuri hulitafuta. Hata hivyo najiuliza: je, tungewapitisha vijana hawa wawili katika milango iliyobadilishana, tungekuwa na hadithi hii hii? Manning pengine angesimama popote. Sina hakika hata kidogo kwamba Leaf angeanguka kwa kishindo kile kila mahali.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaoandika juu ya jambo hili. Wao humpima kijana, wakamaliza. Kijana akishindwa, jina lake huwekwa katika orodha ya aibu, likatajwa kila Aprili kama onyo. Timu iliyomlea vibaya haimo katika orodha hiyo. Chukua mfano wa David Carr, aliyeteuliwa wa kwanza mwaka 2002 na timu mpya ya Houston. Katika msimu wake wa kwanza aliangushwa na mpira mkononi mara 76, rekodi ya ligi hiyo. Mara 76! Ni akili gani ya binadamu ambayo, baada ya kubamizwa chini mara zote hizo, ingeendelea kutulia na kuwatafuta wadakaji badala ya kutafuta pa kukimbilia? Timu ilimpima mkono wake, kimo chake na tabia yake. Nani aliipima timu kuona kama ilikuwa na walinzi wa kumkinga?

Kinyume chake ni Patrick Mahomes. Mwaka 2017 Chicago ilitoa malipo ili kupanda hadi nafasi ya pili, ikamchukua Mitchell Trubisky, kijana aliyekuwa ameanza mechi 13 tu chuoni. Mahomes, wa Texas Tech, alidhaniwa kuwa mrushaji asiye na nidhamu, mwenye kuurusha mpira kwa kila pembe isiyofundishwa. Kansas City ilimchukua katika nafasi ya kumi. Kisha ikafanya jambo ambalo timu zenye njaa haziwezi: ikamweka nyuma ya mkongwe Alex Smith mwaka mzima, akitazama na kujifunza, akaanza mechi moja tu, ile ya mwisho wa msimu. Mwaka 2018 alikuwa mchezaji bora wa ligi. Tangu hapo ametwaa ubingwa mara tatu. Je, Chicago ingempa mwaka wa kutazama? Nina shaka.

Na hapo pana kichekesho kikali ndani ya ule utaratibu uliobuniwa kuwasaidia wanyonge. Kijana bora hupelekwa kwa nyumba mbovu zaidi, kwa sababu ndiyo yenye zamu ya kwanza. Mahali pasipo kocha wa kudumu, pasipo walinzi, penye mwenye timu asiyetulia, ndipo anapotupwa na kuambiwa: tuokoe. Yapo mataifa ambayo huwatuma walimu bora kabisa katika shule dhaifu. Hilo ni jema. Lakini kumtuma mwanafunzi bora katika shule isiyo na walimu, kisha kumlaumu kwa matokeo, ni jambo jingine. Sisi tulioishi na KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, tunajua upande wa pili wa mambo haya: shule zilizopokea watoto wa alama 400 na zaidi zikajisifu miaka minne baadaye kwamba zimewafanya werevu.

Kuna kosa jingine la wapimaji ambalo ni zito kuliko la kiganja na saa, nalo ni la rangi. Kwa miongo mingi mchezaji mweusi aliyekuwa kwotabeki chuoni aliambiwa, akifika ligi kuu, ahamie kwenye nafasi nyingine. Sababu haikutajwa wazi, lakini lugha iliifichua: mweupe alisifiwa kwa akili na uongozi, mweusi kwa wepesi na misuli. Marlin Briscoe alianza kama kwotabeki wa Denver mwaka 1968, akafanya vyema, na mwaka uliofuata hakupewa nafasi. Alimalizia maisha yake ya mchezo akiwa mdakaji. Warren Moon alishinda Rose Bowl mwaka 1978 akiwa na Chuo Kikuu cha Washington, lakini hapakuwa na timu hata moja iliyomteua mwaka huo. Akaenda Canada, akatwaa ubingwa wa huko mara tano mfululizo na Edmonton, ndipo mwaka 1984 Houston ikamwita. Mwaka 2006 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa kandanda hiyo, kwotabeki mweusi wa kwanza kupata heshima hiyo. Kipimo kilichomkosa Moon hakikuwa kipofu. Kiliona vizuri sana, ila kilitazama ngozi.

Mtu atasema hayo ni ya kale. Mwaka 2018 Lamar Jackson wa Louisville, aliyekuwa ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 2016, alishauriwa hadharani kwamba afadhali awe mdakaji. Aliyesema hivyo hakuwa mropokaji wa mtaani. Alikuwa Bill Polian, yule yule aliyemchagua Manning miaka 20 nyuma, na ambaye jina lake limo katika jumba hilo hilo la mashujaa. Jackson alikataa kufanya majaribio ya udakaji. Akateuliwa na Baltimore katika nafasi ya 32, ya mwisho kabisa katika raundi ya kwanza. Mwaka 2019 alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa ligi bila kura hata moja ya kupinga, na Polian, kwa uungwana ambao si wengi walio nao, akakiri kwamba alikosea. Jackson alitwaa tuzo hiyo tena kwa msimu wa 2023.

Kwa upande wa Kenya tumewahi kuwa na mtu wetu katika ligi hiyo, naye anatufunza kitu. Mwaka 2013 Indianapolis ilimsajili Daniel Adongo, mchezaji wa raga aliyezaliwa Nairobi, ambaye hakuwa amepata kucheza kandanda ya Kimarekani hata siku moja. Walimtazama kimo, kasi na nguvu zake, wakasema huyu tutamfundisha kuwa mlinzi. Alicheza mechi chache, kisha safari ikaishia hapo. Hata hivyo wazo lenyewe halikuwa la kichaa. Mlinzi huweza kuanzia kwenye mwili. Hakuna timu iliyowahi kuwaza kumchukua mchezaji wa raga kwa mwili wake tu ikamfanya kwotabeki. Wote wanajua kwamba kazi hiyo huanzia kwingine. Ila wakifika Indianapolis na futikamba zao, hulisahau lile wanalolijua.

Wapo watafiti waliolitazama suala hili kwa hesabu. Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, walichunguza teuzi za miaka mingi, wakaona kwamba timu hulipa kupita kiasi ili kupata zamu za kwanza. Mchezaji aliyechaguliwa mapema humzidi anayemfuata katika nafasi ile ile kwa uwezekano unaopita nusu kwa kiasi kidogo tu. Karibu sawa na kurusha sarafu hewani. Sababu, walisema, ni majivuno: kila timu huamini kwamba yenyewe ndiyo yenye jicho. Kwa haki ya mjadala, nikiri kwamba ukichukua kundi zima, makwotabeki wa raundi ya kwanza hufanikiwa zaidi ya wa raundi ya sita. Wateuzi si wajinga. Wanaweza kutenganisha mchele na pumba. Kinachowashinda ni kupanga punje za mchele kwa daraja, na hapo ndipo wanapomwaga fedha.

San Francisco ilitupa mfano usiosahaulika. Mwaka 2021 ilitoa zamu tatu za raundi ya kwanza ili ipande hadi nafasi ya tatu na kumchukua Trey Lance wa North Dakota State. Lance alikuwa na umbo na kasi ya kumezewa mate, ila alikuwa amerusha pasi 318 tu chuoni. Mwaka uliofuata timu hiyo hiyo, katika nafasi ya 262, ya mwisho kabisa katika uteuzi wote, ilimwokota Brock Purdy wa Iowa State. Purdy hakuwa mrefu, hakuwa na mkono wa kutisha. Alikuwa ameanza mechi chuoni kwa miaka minne. Februari 2024 ni Purdy aliyeiongoza timu hiyo katika Super Bowl, wakashindwa na Kansas City katika muda wa nyongeza. Lance alikuwa amekwisha kupelekwa Dallas kwa zamu moja ya raundi ya nne. Ningekuwa na kura, ningeupa uzito ushahidi wa miaka minne ya mechi halisi, mvua ikinyesha na wapinzani wakimvamia kijana, kabla ya asubuhi moja ya kurusha mipira katika kaptula.

Hata hivyo uzoefu nao si dawa ya kila ndwele, kama mwaka 2023 ulivyoonyesha. Carolina, ikiwa na zamu ya tisa, ilitamani ya kwanza. Ikaipa Chicago zamu hiyo ya tisa, nyingine ya raundi ya pili, zamu yake ya kwanza ya 2024, ya pili ya 2025, na juu yake mdakaji wake bora, D.J. Moore. Mbele yake walikuwapo Bryce Young wa Alabama na C.J. Stroud wa Ohio State. Young alikuwa mfupi, futi 5 na inchi 10, lakini akili yake ilisifiwa na kila mtu. Kuhusu Stroud, habari zilivuja kwamba katika mtihani wa kompyuta wa kupima wepesi wa fikra alikuwa amepata 18 kwa mia. Kwa siku kadhaa kijana wa miaka 21 alijadiliwa nchi nzima kana kwamba hana kichwa. Alipoulizwa, alijibu kwa utulivu kwamba yeye si mfanya mitihani, ni mcheza mpira.

Carolina ilimchukua Young, na Houston ikamchukua Stroud katika nafasi ya pili. Stroud alirusha yadi 4,108 msimu ule, pasi 23 za mabao na tano tu zilizonaswa, akaiinua timu iliyokuwa imeshinda mechi tatu hadi kushinda kumi. Alikuwa mchezaji mpya bora upande wa mashambulizi. Houston, ile ile iliyomwacha Carr abamizwe, safari hii ilikuwa imejenga.

Young aliangushwa mara 62. Mdakaji ambaye angemsaidia alikuwa ameuzwa ili yeye apatikane. Kocha alifutwa baada ya mechi 11. Timu ilishinda mechi mbili kati ya 17, na kwa kuwa ilikuwa ya mwisho ligini, zamu ya kwanza ya 2024 ilikuwa yake kwa haki, ila ilikuwa imekwisha kuiuza. Chicago ikaitumia kumteua Caleb Williams. Septemba 2024, baada ya mechi mbili tu za msimu mpya, kocha mpya alimweka Young benchi, na nafasi yake ikachukuliwa na mkongwe Andy Dalton. Magazeti yakaanza kuliandika jina lake katika ile orodha ya aibu karibu na la Leaf. Mwezi uliofuata Dalton alipata ajali ya gari, akaumia kidole gumba. Kwa hivyo Young akarudishwa uwanjani, akacheza vizuri kuliko alivyopata kucheza tangu afike, na kufikia mwisho wa msimu hapakuwa tena na mtu Carolina aliyezungumzia kumrudisha benchi.